Dereva Aliyechelewa Haendeshi, Anajitetea

Hii ni hotuba niliyoitoa Dar es Salaam mbele ya wazazi, walimu, madereva na matroni wa mabasi ya shule. Naiweka yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Shule, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi wenzangu, madereva wetu, na nyinyi matroni mnaoamka kabla ya adhana: Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Na ambao bado sijawagusa, habari za asubuhi?

Asanteni. Mwenyekiti ameniomba nizungumzie usalama barabarani, kisha akaninong'oneza kwa upole kwamba nifupishe, kwa sababu tumechelewa kuanza. Mnacheka! Mkutano ulitangazwa wa saa 3, tumeanza saa 4 kasoro robo, na sababu sote tunaijua: mlikuwa kwenye foleni. Basi darasa tunalo tayari. Nyoosheni mikono, tusioneane haya. Nani humu ndani leo asubuhi, akijua kachelewa, kamchomekea mwenzake? Nani katanua, kapita pembeni ya lami kuikwepa foleni? Nani kasoma ujumbe wa simu huku gari linatembea? Mwalimu Mkuu, naona umeshika miwani. Sijui tuuhesabu huo mkono au tuuache.

Sikuja kuwaambia haraka haraka haina baraka. Mnaijua tangu chekechea. Sikuja kuwaambia kawia ufike. Hiyo imeandikwa nyuma ya daladala ileile iliyokuchomekea Mwenge. Kuzijua methali hakujatushinda. Kinachotushinda ni saa 1 kasoro dakika 10 asubuhi, mtoto yuko kiti cha nyuma, geti linafungwa saa 1 na nusu, na mbele yako Buguruni haisogei. Swali langu leo ni hilo tu: muda ule, ndani ya kichwa cha dereva, kunapita nini?

Nianze na hesabu, maana haraka hupenda kujifanya ina hesabu.

Dereva aliyechelewa anaamini kwamba kasi inanunua muda. Haya, tununue. Chukua kilomita 10. Ukienda kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo mwisho unaoruhusiwa na sheria kwenye maeneo ya makazi, utatumia dakika 12. Ukiivunja sheria ukaenda 70 mwanzo mwisho, bila taa nyekundu, bila tuta, bila bajaji, bila muuza maji kukatiza, utatumia dakika 8 na nusu. Umeokoa dakika 3 na nusu. Na umeziokoa kwenye barabara ambayo Dar es Salaam haipo. Nionyesheni kilomita 10 za namna hiyo saa 1 asubuhi. Ziko wapi? Mbagala? Gongo la Mboto? Tegeta?

Mnamfahamu yule mwenye Noah nyeusi? Kila siku yupo. Anakupita Kimara anapiga honi, kawasha mwanga mkali, anaingia kushoto, anatokea kulia, abiria wameshikilia viti. Moyoni unasema, huyu keshafika Posta. Unafika mataa ya Magomeni, unageuza shingo: Noah nyeusi. Iko ubavuni pako. Mwenzako kalowa jasho, wewe unasikiliza redio. Kaokoa nini? Magari mawili, labda matatu. Mjini kinachoamua utafika saa ngapi ni mataa na makutano, na hayo yanatusubiri wote, mwenye pupa na mwenye subira.

Na alilipa nini? Shirika la Afya Duniani linatueleza kwamba kasi ya wastani ikipanda kwa asilimia 1 tu, uwezekano wa ajali ya kuua unapanda kwa takriban asilimia 4. Linatueleza pia kwamba mtembea kwa miguu akigongwa na gari linalokwenda 65 badala ya 50, hatari ya kufa inapanda mara nne na nusu. Ndugu zangu, tazameni dashibodi zenu mkitoka hapa. Kutoka 50 hadi 65 ni upana wa kidole. Kwa upana huo wa kidole, kwa dakika zisizofika 4, kwenye barabara isiyokuwepo.

Hesabu imekwisha, na najua haikumbadilisha mtu. Nimefundisha udereva miaka mingi, na sijaona mwanafunzi aliyepunguza mwendo kwa sababu ya hesabu. Kwa hiyo twende ndani zaidi.

Mwaka 1973 wanasaikolojia wawili wa Marekani, John Darley na Daniel Batson, walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi wa chuo cha theolojia cha Princeton. Wasikilizeni vizuri hawa wanafunzi ni nani: ni watu wanaosomea uchungaji. Kila mmoja aliambiwa aende jengo la pili akatoe mazungumzo mafupi. Baadhi yao mada yao ilikuwa Msamaria Mwema, ile habari ya mtu aliyeporwa akaachwa njiani, kuhani akapita, Mlawi akapita, Msamaria akasimama. Njiani kati ya majengo mawili, watafiti walimweka mtu amejikunja mlangoni, anakohoa, anaugulia maumivu. Wengine waliambiwa: nenda, una muda wa kutosha. Wengine: nenda, wako tayari kukupokea. Wengine wakaambiwa: umechelewa, wanakusubiri, kimbia.

Wangapi walisimama kumsaidia? Waliokuwa na muda, asilimia 63. Wa katikati, asilimia 45. Walioambiwa wamechelewa, asilimia 10. Asilimia 10, wachungaji watarajiwa! Na watafiti wanaeleza kwamba wapo waliomruka kabisa yule mgonjwa, wakaenda zao kuhubiri habari za Msamaria Mwema.

Mnacheka tena, lakini kicheko chenu safari hii kimepoa.

Walikuwa watu wabaya? Hapana. Hilo ndilo linalonitisha. Tabia haikuwatofautisha, imani haikuwatofautisha, mada waliyobeba kichwani haikuwatofautisha. Kilichowatofautisha ni neno moja waliloambiwa mlangoni: umechelewa. Na ukiwafikiria vizuri, utaona walikuwa wamekamatwa kati ya watu wawili: huyu aliyelala mlangoni, anayeonekana, na yule anayewasubiri kule mbele, asiyeonekana. Asiyeonekana akashinda.

Sasa mwondoe yule mgonjwa mlangoni, umweke mtoto wa darasa la pili kwenye zebra.

Hapa nitakaa kidogo, Mwenyekiti univumilie. Barabara zetu nyingi kubwa siku hizi zina njia mbili, tatu, nne upande mmoja. Kimara hadi Kibaha tumepanuliwa hadi njia nane. Gari la njia ya kushoto linasimama kwenye zebra kumpisha mwanafunzi. Mwanafunzi anaona gari limesimama, ananyoosha mkono kushukuru kama mlivyomfundisha, walimu, na anakimbia kwa sababu hataki kumchosha aliyempisha. Wewe uko njia ya kulia, umechelewa. Unaona nini? Unaona gari la kushoto limesimama, na kwako kweupe. Unaona nafasi! Mtoto humuoni, kafunikwa na lile gari, na likiwa basi ndiyo kabisa. Kwa mwendo wa 50 gari lako linakula karibu mita 14 kila sekunde, ni kama urefu wa mabasi madogo mawili ya Coaster, na mguu wako unahitaji takriban sekunde nzima kutoka kwenye mafuta hadi kwenye breki. Coaster mbili kabla breki haijaanza hata kushika.

Gari lililosimama mbele ya zebra halijaharibika. Nasema tena kwa wale wa nyuma: gari lililosimama mbele ya zebra halijaharibika! Lina sababu, na sababu yake ina begi mgongoni. Likisimama, simama nalo, hata kama humuoni mtu. Hasa kama humuoni mtu.

Mwaka 2021, kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, ajali za barabarani ziliua watu milioni 1.19 ulimwenguni, na kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 hakuna kinachowaua wengi kuliko hicho. Zaidi ya nusu ya waliokufa hawakuwa ndani ya magari yaliyofungwa vizuri kama yako na yangu: walikuwa kwa miguu, kwenye baiskeli, kwenye pikipiki.

Kuhusu foleni yenyewe nitapita haraka, maana mkikutana watu wawili wa Dar mnaizungumza bila kuhitaji mgeni rasmi. Jambo moja tu. Mwaka 2008 watafiti wa Japani walichapisha jaribio lao: walipanga magari 22 kwenye duara la mita 230, wakawaambia madereva waende mwendo mmoja, wazunguke. Hakuna mataa, hakuna trafiki, hakuna shimo, hakuna msafara wa kiongozi. Baada ya muda foleni ikatokea. Ikatokea yenyewe! Mmoja anapunguza kidogo, wa nyuma yake anashika breki zaidi kidogo, wa nyuma zaidi, hadi mtu anasimama kabisa bila kujua alichosimamia.

Kwa hiyo unapochomekea, mwenye gari unalolichomekea anakanyaga breki, na breki ile haiishii kwake. Inasafiri kwenda nyuma, gari kwa gari, mpaka kwenye basi la shule lililoko huko Temboni. Unapotanua kwa kupita pembeni ya lami, mwisho wa siku lazima urudi barabarani, na hapo unaporudi ndipo foleni inapofungiwa fundo. Kuna ile kampeni ya ukimwi ya miaka ile, michepuko si dili, baki njia kuu. Sijui majumbani ilisaidia kiasi gani, mtaulizana wenyewe, ila kwa madereva naomba irudi. Na nyinyi mnaoingia kwenye njia ya mwendokasi mkisema nachungulia tu: basi lile ni refu, ni zito, na dereva wake hakutegemei pale.

Najua mnachotaka kuniuliza. "Mwalimu, nikiacha nafasi mbele yangu, watachomekea." Ndiyo, watachomekea. Sikatai. Hesabu gharama yake: kila gari linaloingia mbele yako linakurudisha nyuma kama sekunde 2. Yakiingia magari 10, sekunde 20. Wewe uliyepandisha presha, uliyemtukania mtu mama yake mbele ya wanao, uliyebana bampa kwa bampa kuanzia Ubungo, ulikuwa unapigania sekunde 20.

Sasa nifike kwa hadithi iliyonileta.

Tarehe 25 Aprili 2005, huko Japani, treni ya asubuhi ilikuwa inaelekea kituo cha Amagasaki. Dereva alikuwa kijana wa miaka 23. Kwenye kituo cha nyuma yake, Itami, alipitiliza jukwaa kwa makumi ya mita, ikabidi arudishe treni nyuma ili abiria washuke na kupanda. Alipoondoka alikuwa amechelewa. Kachelewa kiasi gani? Takriban dakika 1 na nusu. Sisi hapa dakika 1 na nusu hatuiiti kuchelewa, tunaiita kuwahi. Lakini pale ilikuwa kosa, na kampuni ile ya reli ilikuwa na utaratibu wa kuwaadhibu madereva wa namna hiyo: unatolewa kwenye kazi yako, unapelekwa mafunzo ya kukurekebisha, unaandikishwa ripoti za kujilaumu, unafokewa, hata kazi za usafi na kung'oa majani unapewa. Kijana yule alikwisha kupitia adhabu hiyo. Aliijua ladha yake.

Mbele yake kulikuwa na kona inayotaka mwendo usiozidi 70. Aliingia na 116. Mabehewa yakaacha reli, yakaingia kwenye jengo la makazi ya watu. Walikufa watu 107, yeye mwenyewe akiwemo. Waliojeruhiwa walikuwa zaidi ya 500.

Uchunguzi ulichukua muda mrefu, na ulipotoka, jambo moja lilinikaa rohoni. Dakika zile za mwisho, kijana alimwomba kondakta wake apunguze, atakapotoa taarifa, ule umbali aliopitiliza Itami. Kondakta akaanza kuongea na makao makuu kwa redio, na inaelekea kijana alikuwa anasikiliza: atanisemaje? Nitajibu nini? Ndiyo maana breki ilichelewa. Mikono ilikuwa kwenye treni, akili ilikuwa ofisini, imesimama mbele ya bosi, inaandaa utetezi.

Wazazi wenzangu, madereva, walimu: hilo ndilo jibu la swali langu. Kichwani mwa dereva aliyechelewa kuna kesi inaendelea. Haendeshi, anajitetea. Anajitetea kwa mkurugenzi, kwa mke, kwa mume, kwa mwalimu wa zamu mwenye fimbo getini, kwa mteja, kwa shemeji aliyeko uwanja wa ndege. Na yule anayejitetea kwake hayumo garini! Waliomo garini, watoto, wamesahauliwa. Aliye kwenye zebra kasahauliwa. Mnaona sasa kwa nini methali haimsaidii? Methali utamwambia nani? Mwenyewe hayupo, yuko mahakamani.

Na kesi hii mara nyingi tunaifungua wenyewe kwa uongo mdogo. Simu inaita: "Uko wapi?" Unajibu: "Nakaribia, niko Ubungo hapa." Uko Ubungo? Uko bafuni Mbezi, una povu masikioni! Mnacheka kwa sababu mnajijua. Uongo huo unaonekana hauna dhambi, hata aliyeuliza anajua unadanganya. Lakini ukishausema, unaingia kwenye gari ukiwa na deni: inabidi ufukuze gari mpaka ule uongo uwe kweli. Kuanzia hapo "nakaribia" ndiyo inayokanyaga mafuta, wewe umekaa tu kwenye kiti.

Dawa yake ni rahisi na ni chungu. Kesi imalizwe kabla ufunguo haujazungushwa. Gari limezimwa, unapiga simu, unasema: "Bosi, nimechelewa, bado niko nyumbani, nitafika saa 3." Sema saa ambayo unajua utafika, kisha ongeza robo saa juu yake. Utafokewa? Pengine utafokewa. Lakini utafokewa ukiwa umesimama, gari limezimwa, hakuna mtu mbele ya bampa lako. Ukimaliza, simu inaingia kwenye mkoba, mkoba unaenda kiti cha nyuma. Kusoma ujumbe kwa sekunde 5 kwenye mwendo wa 50 ni kwenda mita 70 ukiwa umefumba macho. Hakuna mzazi humu ambaye angekubali dereva wa basi afumbe macho mita 70 kwa hiari yake.

Basi hapo hapo kwenye basi la shule, niwaguse wazazi. Leo hamtatoka salama.

Chukua basi lenye vituo 15. Kila kituo mtoto hayuko tayari: kiatu kimoja hakionekani, chai ya moto, shajara haijasainiwa. Basi linasubiri dakika 2 tu, si nyingi. Vituo 15 mara dakika 2 ni dakika 30. Nusu saa! Dereva aliondoka kwake saa 10 alfajiri, hakuchelewa popote, na anaingia barabara kuu akiwa nyuma kwa nusu saa ambayo amegawiwa na nyumba 15, kila nyumba ikiamini imemchelewesha dakika 2 tu. Halafu saa 1 na dakika 10 yule yule mzazi wa kiatu anaandika kwenye kundi la WhatsApp: "Dereva uko wapi? Watoto wanachelewa mtihani!" Na wenzake wanaweka vidole gumba. Na mwingine hatosheki na kuandika, anapiga. Mzazi, mkono unaoipokea simu yako muda huo unaujua? Ni mkono uliokuwa umeshika usukani wa basi lililombeba mwanao.

Akifika shuleni, Mwalimu Mkuu, samahani, kuna shule ambako anakuta geti limefungwa. Watoto wanapigishwa magoti kwa kosa la foleni, na dereva anaandikwa ili akatwe mwisho wa mwezi. Kesho yake mnategemea dereva huyo aingieje kwenye zebra? Nyie mmeshamfungulia kesi. Mmemfanya yule kijana wa Amagasaki, na mmempa watoto wenu 30.

Ninayoomba nimeyaandika na nimemkabidhi Mwenyekiti, lakini nayasema ili asije akasema karatasi imepotea. Basi likifika kituoni lisubiri dakika 1, kisha liondoke, na mzazi aliyeachwa asimpigie dereva kumlilia. Atafute bodaboda anayemjua, avae kofia ngumu yeye na mtoto, au ampeleke mwenyewe. Simu zote za barabarani ziende kwa matroni, namba ya dereva iondolewe kwenye kundi la wazazi leo, kabla hatujanywa soda. Mtoto aliyekuja na basi lililochelewa aingie darasani bila kuulizwa. Na dereva akichelewa asikatwe. Akikimbiza ndiyo akatwe. Mwenye basi ana uwezo wa kufunga kifaa cha kufuatilia mwendo, kama mabasi ya mikoani yanavyofuatiliwa na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini. Kichukueni hicho kama shahidi, msichukue saa ya getini.

Nimebakiza kidogo kuhusu mwili, maana wengine mtasema: mwalimu, simu nimepiga, kweli nimesema, na bado damu inachemka.

Aliyenifundisha magari makubwa alikuwa mzee wa safari za Dar hadi Tunduma. Alikuwa na desturi ya kulizunguka lori kabla ya kuondoka, anagonga tairi moja moja, anaangalia taa, anainama kutazama kama kuna oili inavuja. Siku tukiwa tumechelewa kupakia, na tajiri anapiga simu kila baada ya muda, mzee analizunguka lori mara mbili. Nilikuwa naungua moyo. Siku moja nikamuuliza, baba, mbona tukichelewa ndiyo unazidi taratibu? Akanijibu bila kunitazama: "Tukiwa na muda nakagua gari. Tukichelewa namkagua na dereva."

Jikagueni, ndugu zangu. Haraka ina dalili zake mwilini na zinaonekana mapema kuliko ajali. Mabega yamepanda yanagusa masikio? Umeshika usukani mpaka vidole vimekauka? Meno umeyabana? Umeanza kumwita kila dereva jina la mnyama? Ukiona hayo, usijipe mawaidha, hayaingii. Fanya kazi ya mwili: toa pumzi taratibu, ndefu kuliko uliyovuta, mara kadhaa. Shusha mabega. Halafu ipe akili kazi ya kuhesabu. Tazama gari la mbele linapopita nguzo, sema "elfu moja na moja, elfu moja na mbili". Ukifika kwenye nguzo kabla hujamaliza, uko karibu mno, punguza mwendo uongeze nafasi. Mvua ikinyesha, fika hadi nne. Hii inakupa nafasi ya kushika breki, lakini mimi naipenda kwa sababu nyingine: huwezi kuhesabu nguzo na kumjibu bosi kwa wakati mmoja. Akili inarudi barabarani, inataka isitake.

Na akikutukana konda wa daladala, pandisha kioo. Mtoto aliyeko nyuma anawasikiliza wote wawili. Kuna matusi ambayo watoto huja nayo shuleni Jumatatu asubuhi, Mwalimu Mkuu ni shahidi, na hawakuyatoa kwenye kitabu cha kiada.

Taa ya njano nayo tuelewane. Njano maana yake simama, isipokuwa umeshafika mahali ambapo kusimama ghafla kutaleta ajali. Aliyechelewa anaisoma njano kuwa ni "wahi". Na ukiwahi ukakuta mbele kumejaa, unabaki katikati ya makutano, umezifunga njia nne, na Dar nzima inakusalimia kwa honi. Hapo tena umechelewesha watu wangapi kwa ajili ya kuchelewa kwako?

Mwenyekiti ananionyesha saa, na mimi sitaki kujitetea: nimepitiliza. Kamati ya usafiri inabaki hapa baada ya mkutano kupanga upya saa za vituo. Mwenye mtoto kwenye njia ya Kinyerezi na njia ya Goba aandike jina kwa matroni kabla hajatoka, maana hizo mbili ndizo zenye matatizo zaidi, na basi la Goba tunataka lianze dakika 15 mapema kuanzia wiki ijayo.

Maswali nayapokea. Naona mikono ya wazazi imeshakuwa mingi, lakini nitaanza na madereva, wao ndio hukatizwa kila wakitaka kusema. Wewe baba uliyesimama karibu na mlango, mwenye shati la bluu, karibu. Mpeni kipaza sauti.